Uzi Usiopakwa Nta

Kila siku akitoka shule, Cresensia alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alishuka bondeni kuchota ndoo ya maji, akala makande aliyoachiwa na mama yake, kisha akaketi barazani kando ya baba yake na kushika sindano. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita hapa Rhotia, na watu wazima waliomjua walimwita fundi bila utani.

Baba yake, Mzee Hhando, alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza viatu, mikanda na matandiko ya punda, na watu walimjia kutoka Karatu mpaka Buger. Lakini miaka miwili nyuma macho yake yalianza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Moshi, na sasa alikuwa akisubiri zamu yake. Aliweza bado kukata ngozi kwa kupapasa. Kushona hakuweza. Basi alimfundisha Cresensia, binti yake wa pekee, na taratibu mishono yote ya pale barazani ikawa ya Cresensia.

Kazi ambayo Cresensia hakuipenda ni ya kupaka uzi nta. Ilikuwa kazi ya kuchosha na haikuonekana na mtu. Kwanza nta ya nyuki iliyeyushwa na ulimbo kidogo pamoja na kipande cha mafuta ya kondoo, ili isipasuke kwenye baridi ya huku juu. Ikishaganda, uzi uliburutwa juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha ukasuguliwa kwa kipande cha ngozi mpaka vidole vikaungua, ili nta iingie ndani badala ya kukaa juu. Ukaachwa upoe, ukarudiwa. Ukaachwa tena, ukarudiwa mara ya tatu.

"Uzi mkavu hunywa maji," baba yake alizoea kumwambia. "Ukinywa maji huvimba, kisha huoza, na mchanga huusaga. Uliopakwa nta vizuri ukiudondoshea tone la maji, tone linasimama juu yake kama umande."

Mwaka ule, mwaka 1983, kijiji kiliamua kuchimba kisima. Vitu vilikuwa adimu madukani, lakini watu walikuwa na majembe na nguvu zao. Walichagua mahali kule juu, karibu na nyumba ya Bibi Blandina, mama mzee aliyefuga nyuki kando ya msitu. Mchimbaji alikuwa Fundi Yohani, mtu wa Buger, mwenye mwili mkavu na sauti nzito. Siku moja alikuja barazani akiwa na Mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee Hhando, tunataka kiti cha ngozi," alisema Mwenyekiti. "Fundi atakaa humo tukimshusha na kumpandisha."

"Kiti kisicho na mchezo," aliongeza Fundi Yohani akicheka. "Nina watoto watano."

Mzee Hhando alichukua ngozi nene ya ng'ombe, akaikunja mara mbili, akakata mikanda minne. Kila mkanda ungeshonwa kwenye pembe moja ya kiti, na yote ingekutana juu kwenye pete ya chuma, mahali pa kufungia kamba. Jumamosi asubuhi alimwita binti yake.

"Nta imekwisha, mwanangu. Panda kwa Bibi Blandina akupe donge moja. Ukirudi, upake uzi leo, kesho baada ya kanisa ushone."

Njia ya kwenda kwa Bibi Blandina ilikuwa mlima mtupu, karibu saa nzima. Cresensia alipofika shuleni, katikati ya safari, alisikia kwaya ikifanya mazoezi. Jumatano walikuwa wakienda kuimba Karatu mbele ya wageni, na rafiki yake Lukresia alimwona kupitia dirishani.

"Cresensia! Njoo, wanachagua wa kuanzisha nyimbo!"

Aliingia kwa dakika chache tu. Dakika chache zikawa mpaka mchana. Alichaguliwa kuanzisha wimbo wa pili, na aliporuka kwa furaha na kutoka nje, mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imeanza kudondoka. Aliutazama mlima. Akageuka, akarudi nyumbani.

Jikoni, nyuma ya debe la unga, mama yake alikuwa na kipande cha mshumaa. Cresensia alikichukua, akaburuta uzi juu yake mara moja. Uzi uling'aa. Kwa kuutazama tu, uling'aa hata kuliko wa nta.

Jioni baba yake aliunyoosha kati ya vidole, polepole, urefu wote.

"Mbona umekakamaa hivi?"

"Nta ya safari hii ni ngumu, baba."

"Bibi Blandina hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Umeupaka mara tatu?"

"Mara tatu."

Mzee Hhando aliunusa uzi. Vidole vyake viliurudia uzi mara nyingine. Kisha akamrudishia. "Haya. Kesho ushone."

Akashona. Kiti kilikwenda. Uzi uliobaki akaushonea mkanda wa mfuko wa shule wa Lukresia na viatu vya majirani wawili. Siku za mwanzo moyo ulimdunda kila alipopita mtu wa kisimani, lakini hakuna aliyesema neno. Kwaya ilirudi kutoka Karatu na sifa nzuri. Masika yakakaza. Kisima kilifika futi ishirini, kisha thelathini, na Cresensia akaanza kusahau.

Jumanne moja, wiki ya tatu, walikuwa wakiingia darasani asubuhi Lukresia alipopiga kelele. Mkanda wa mfuko wake ulikuwa umeachia, daftari zimetapakaa kwenye tope.

"Fundi gani wewe!" alimwambia Cresensia, nusu akicheka. "Ona kazi yako."

Cresensia aliokota mkanda. Mshumaa ulikuwa umebanduka wote, kama magamba. Uzi ulikuwa umevimba na kufumka, laini kama pamba, na alipouvuta kwa vidole viwili tu ulikatika bila sauti.

Aliketi kwenye dawati lake akiwa na kile kipande cha uzi mkononi. Mwalimu alifundisha hesabu za sehemu, ubaoni kukajaa namba, na yeye hakuona hata moja. Aliona kiti. Mfuko wa Lukresia ulinyeshewa njiani tu. Kiti kilikuwa kwenye maji na mchanga kila siku, na mtu mzima ndani yake.

Alianza kuinua mkono. Angesema nini? Mwalimu angeuliza, kwa nini hukupaka nta? Kwa sababu sikwenda kuichukua. Mbona ulimwambia baba yako ulikwenda? Mbona ulimletea salamu za mtu ambaye hukumwona? Kila jibu lilikuwa na swali lingine nyuma yake, na mwisho wa maswali yote alikuwa baba yake, akipapasa ngozi barazani na wateja wakipita mbali. Akaurudisha mkono chini. Labda Fundi Yohani angeona mwenyewe. Labda leo hakuingia kisimani kwa sababu ya mvua. Nje ya dirisha mvua ilikuwa imekatika, na jua lilikuwa linatoka.

Saa sita kengele ilipogongwa, Cresensia hakuchukua hata daftari. Alikimbia kupanda mlima, na Lukresia akamfuata bila kujua wanakwenda wapi.

Walikuta wanaume sita kisimani, mikono kwenye mpini wa gogo la kuzungushia kamba. Mwenyekiti alikuwa akiinama kwenye mdomo wa shimo.

"Yuko chini?" aliuliza Cresensia akihema.

"Rudini nyuma, watoto. Tunampandisha ale."

Wanaume walikaza mikono. Kamba ilinyooka.

Cresensia alikuwa na maneno mdomoni, na maneno hayakutoka. Alijiona kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba kisicho na mlango: akisema, baba yake anaaibika, asiposema... Gogo lililia, mzunguko wa kwanza ukaanza.

"Msimvute!" alipiga kelele. "Msimvute! Uzi ni mbovu!"

Mikono ilisimama. Mwenyekiti aligeuka kwa hasira. "Unasema nini wewe?"

"Kiti nilishona mimi. Sikupaka nta. Nilipaka mshumaa, nikadanganya kwamba ni nta." Alikuwa akilia sasa, lakini aliendelea kusema. "Baba hajui. Uzi unaoza. Unakatika kwa mkono. Mwambieni aangalie!"

Kisha sauti nzito ikapanda kutoka shimoni, ikiwa na mwangwi.

"Nimesikia. Ngojeni." Baada ya kitambo ikaja tena, na safari hii haikuwa na kicheko. "Pembe moja imeachia kabisa. Ya pili imebaki nyuzi chache. Hizi mbili nyingine sizioni vizuri. Mwenyekiti, maji yanaingia huku. Tangu asubuhi yalikuwa kwenye kifundo cha mguu, sasa yanakaribia goti."

Watu walianza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema wamfunge kamba kifuani, lakini kisima kilikuwa kimefika futi arobaini na kamba yote ilikuwa imekwisha kwenye gogo. Bila ile mikanda minne ya ngozi, ncha yake ilimfikia kifuani tu, isingeweza kumzunguka. Kamba mpya ilikuwa bado haijaletwa kutoka Arusha. Mwingine alileta kamba ya kufungia ng'ombe. Mwenyekiti aliikanyaga, akaivuta, ikakatika. Kijana mmoja alitumwa kwa baiskeli kwenda gereji ya Karatu kuomba kamba ya kuvutia magari. Kwa tope lile, hangerudi kabla ya jioni.

Udongo ulimeguka ukutani, wakausikia ukitumbukia majini.

"Lukresia," alisema Cresensia, "kimbia ukamlete baba. Mwambie aje na mfuko wa kazi. Aje na uzi mpya."

Mwenyekiti alimtazama. Hakumzuia.

Mzee Hhando alifika akiwa ameshikwa mkono na Lukresia, suruali imejaa tope mpaka magotini, maana alikuwa ameanguka njiani mara mbili. Lukresia alikuwa amemweleza kila kitu. Hakumgombeza binti yake. Alimtafuta kwa mkono, akamshika bega.

"Kiti kiletwe juu. Kinashonwa hapahapa."

Mwenyekiti aliinama shimoni kumweleza Fundi Yohani.

"Mkikivuta hiki kiti," sauti ilisema, "mimi nabaki na nini huku?"

Cresensia alipiga magoti kwenye mdomo wa kisima. Chini kabisa aliona duara la maji meusi, na ndani yake uso wa mtu ukimtazama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ni wewe uliyeshona?"

"Ni mimi."

"Na utakayeshona tena ni wewe?"

"Ndiyo. Macho ya baba hayaoni. Nitashona mimi, na sasa hivi sitadanganya."

Maji yalisikika yakichuruzika. "Basi vuteni," alisema Fundi Yohani.

Kiti kilipanda kikitiririka maji. Bibi Blandina, aliyekuwa ametoka nyumbani kwake kwa kusikia makelele, alikuwa amekwisha kuleta kigae cha makaa na donge la nta la rangi ya kahawia. Alimpa Cresensia mkononi, akamtazama.

"Nilikuwa nalo tangu Februari, mjukuu wangu. Hukuja tu."

Cresensia aliinamia makaa. Aliyeyusha nta na ulimbo na mafuta ya mfuko wa baba yake, akaipoza kwenye maji, akaanza kuburuta uzi. Wakati huo Lukresia na Mwenyekiti walikuwa wakifumua mishono ya zamani. Haikuwapa shida. Mishono ilitoka kama nywele.

Alipomaliza mara ya kwanza akanyoosha mkono kuchukua sindano. Baba yake aliupapasa uzi.

"Bado."

"Mzee Hhando, mtu anazama!" alisema Mwenyekiti.

"Najua. Ngozi hii imejaa mchanga na maji. Uzi huu ukipita hapa ulivyo, utasagwa kabla hajafika nusu ya njia. Mara ya pili, mwanangu. Usiharakishe mkono, harakisha kusugua."

Akasugua. Vidole viliungua, ngozi ya kidole gumba ikachunika. Kutoka shimoni sauti ilisema, "Magotini." Mara ya tatu akasugua huku machozi na kamasi vikimchuruzika bila kufuta. Kisha akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone juu ya uzi. Tone lilisimama. Aliuelekeza mkono wa baba yake, naye akagusa kwa ncha ya kidole.

"Shona."

Baba yake alitoboa kwa msharasi, chuma cha kutobolea ngozi, akipima nafasi kwa ukucha. Cresensia alipitisha sindano mbili, moja kila upande, akavuta kwa nguvu zake zote. Pembe ya kwanza. "Mapajani," sauti ilisema. Pembe ya pili. Udongo ulimeguka tena, mkubwa kuliko wa kwanza, na kwa muda hawakusikia kitu. Mwenyekiti aliita. Aliita tena.

"Nipo," sauti ilijibu, ndogo. "Jembe limefukiwa. Mimi nipo."

Pembe ya tatu. Kwenye pembe ya nne mshono mmoja ulikaa vibaya, ukaacha uwazi wa kuingiza ukucha. Hakuna aliyeuona. Baba yake alikuwa bado hajaufikia, na watu wote walikuwa wakitazama shimoni. Cresensia aliusimamisha mkono wake.

"Huu umelegea, baba. Naurudia."

"Urudie," alisema Mzee Hhando.

Kiti kiliposhuka, maji yalikuwa yamemfika Fundi Yohani kiunoni. Wanaume walishika mpini. Cresensia alitaka kufumba macho, lakini aliona si haki kufumba, akatazama kamba ikijiviringisha kwenye gogo, mzunguko mmoja, wa pili, wa kumi. Kwanza ulitokea mkono uliokakamaa kwa baridi. Kisha kichwa chenye tope. Wakamshika makwapani, wakamtoa nje, akalala juu ya nyasi, kifua kikipanda na kushuka. Bibi Blandina alimfunika blanketi.

Sasa watu walimgeukia Cresensia. "Mtoto gani huyu, angetuulia mtu!" alisema mwanamke mmoja. Wengine waliitikia. Mwenyekiti naye alisema, kwa sauti ya chini iliyouma zaidi, kwamba kijiji kizima kilikuwa kimewaamini.

Mzee Hhando alivua kofia yake.

"Nina neno," alisema. "Siku ile aliponipa uzi, vidole vyangu vilijua. Uzi wa nta haukakamai vile, na haukuwa na harufu ya asali. Nilijua kuna kitu. Lakini niliogopa kumuuliza zaidi, kwa sababu nikimpoteza yeye, sina macho mengine. Nikamwambia ashone. Yeye alidanganya, mimi nikanyamaza. Mkimlaumu, mnilaumu na mimi."

Cresensia alimtazama baba yake kwa mshangao. Wiki zote zile alidhani yuko peke yake kwenye siri ile.

Fundi Yohani aliinuka akaketi. Meno yalikuwa yakigongana. "Mimi nilikuwa chini," alisema, "kwa hiyo nisikilizeni. Asingekuja huyu, mngenivuta saa ileile. Ningefika katikati, kisha ningerudi chini kichwa kwanza. Alikosa, na alikuja kusema kabla halijatokea. Mimi yangu yameishia hapo."

Kesho yake baada ya masomo, Mzee Hhando alimwambia Cresensia aongoze njia. Walikwenda nyumba kwa nyumba kwa wote walioshonewa kwa uzi ule. Katika kila nyumba baba alisimama mlangoni kimya, na Cresensia alisema mwenyewe: "Nilishona kwa uzi usiopakwa nta. Nimekuja kuvichukua nivishone upya." Jirani mmoja alicheka. Mwingine alivitupa viatu miguuni pake bila kumjibu. Lukresia alimpa mfuko wake pamoja na kipande cha muwa. Kamba mpya ilipofika kutoka Arusha, Fundi Yohani alirudi kisimani, akakikagua kiti chote kwa kidole, akaketi ndani yake na kuomba ashushwe. Wiki mbili baadaye alifikia maji mazuri, na wanawake wa kule juu hawakushuka tena bondeni.

Jioni ile ya kuzunguka majumbani, wakiwa wanarudi, Cresensia alimwuliza baba yake kwa nini hakumchapa.

Mzee Hhando alitembea hatua kadhaa, mkono wake ukiwa begani kwa binti yake.

"Umekaa wiki tatu ndani ya uongo wako," alisema. "Unajua sasa palivyo. Kiboko kisingekuongezea kitu. Ila nisikilize, mwanangu. Anayevaa viatu vyako, anayekaa kwenye kiti chako, hauoni uzi. Hana njia ya kuujua. Anachukua neno lako tu, analikalia na uzito wake wote. Kwa hiyo usimpe mtu neno ambalo wewe mwenyewe usingethubutu kulikalia. Na siku ukikosea, maana utakosea, mwambie mapema, wakati kamba bado haijavutwa."

"Nimesikia, baba," alisema Cresensia.

"Na mimi nimejifunza kuuliza," alisema Mzee Hhando. "Tangu leo nikiona uzi umekakamaa, nitakuuliza mpaka unichukie."

Mfuko wa viatu ulikuwa mzito begani mwake. Walipofika nyumbani Cresensia aliuweka barazani, akaingia jikoni kutafuta makaa.